Je, Kuwasaidia Wengine Kunaweza Kumpa Nguvu Mtu Aliyeelemewa na Shida Zake?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mume wangu alifariki mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mrefu, nami ndiye niliyemuuguza hadi mwisho. Kabla sijapata nafasi ya kupumua, kazi niliyokuwa nikiitegemea nayo ikaisha. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kupokea tu: napokea chakula, napokea pole, napokea ushauri. Watu wazima ninaowaheshimu wananiambia niwasaidie wenye shida kuliko mimi, nami nitapata nguvu. Mdogo wangu wa kike anasema hayo ni maneno ya kunifumba macho, na kwamba lazima nipone kwanza ndipo nifikirie wengine. Sijui nimsikilize nani. Nitatoa nini nikiwa sina kitu? Na nikitoa hicho kidogo nilicho nacho, je, hakitaniishia kabisa?"

Dada yangu, nakupa pole ya dhati, wala sitairefusha, kwa kuwa umenieleza jinsi pole zilivyokwisha kukulemea. Nitakujibu moja kwa moja. Wazee wako wamesema kweli katika jambo moja kubwa: mtu anaweza kupata nguvu kwa kumsaidia mwenzake hata kabla majeraha yake mwenyewe hayajafunga, na ushahidi wa jambo hilo ni mwingi kuliko wengi wanavyodhani. Mdogo wako naye amesema kweli katika jambo ambalo wazee wamelipita haraka: si kila msaada humpa nguvu anayeutoa, na upo msaada unaoweza kummaliza. Kwa hiyo ninaloona linafaa kuulizwa ni msaada wa namna gani, kwa kiasi gani, na kwa hiari ya nani.

Katika barua yako yote, sentensi iliyonigusa zaidi ni ile uliyosema umekuwa mtu wa kupokea tu. Shida kubwa humnyang'anya mtu mara mbili. Mara ya kwanza huchukua kile kinachoonekana na wote, yaani mume, kazi, afya au mali. Mara ya pili huchukua kitu ambacho hakuna anayekuja kukulilia kwa ajili yake, nacho ni nafasi yako miongoni mwa watu. Jana ulikuwa mtu anayeulizwa rai, anayetumwa, anayetegemewa, anayegombana na kupatana. Leo umekuwa mtu wa kuhurumiwa. Watu hupunguza sauti unapoingia. Huacha kukuambia matatizo yao wasije wakakuongezea. Huamua mambo kwa niaba yako, kwa upendo mtupu, na wewe unalazimika kushukuru tena na tena, na kushukuru bila kukoma ni kazi inayochosha. Hapo ndipo msaada wa watu wema unapoweza kumdhoofisha mtu bila yeyote kukusudia, kwa sababu kila sahani inayoletwa mlangoni humkumbusha kwamba yeye hana anachotazamiwa kukitoa.

Mwaka 1965 mwanataaluma mmoja wa Marekani, Frank Riessman, aliandika makala fupi iliyobadilisha fikra za watu wengi wa fani yetu ya unasihi. Alitazama vikundi ambavyo watu wenye tatizo la aina moja husaidiana, akatoa hoja kwamba ingawa haijulikani daima kama anayesaidiwa hufaidika, anayesaidia hufaidika mara nyingi zaidi. Wazo hilo lilikuwa limekwisha kutenda kazi kabla halijapewa jina. Mwaka 1935, mfanyabiashara aitwaye Bill Wilson, aliyekuwa ameacha ulevi kwa miezi michache tu, alijikuta katika mji wa Akron, Marekani, mpango wake wa biashara ukiwa umevunjika na kiu ya pombe ikimrudia. Hakutafuta mtu wa kumwokoa. Alipiga simu huku na huko akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akaunganishwa na daktari mmoja, Robert Smith, ambaye ulevi ulikuwa umemshinda. Mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe ambacho sasa kimeenea duniani. Wilson alisisitiza maisha yake yote kwamba alimwendea Smith kwa sababu yeye mwenyewe alihitaji kumsaidia mtu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2004, mtafiti Maria Pagano na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watu waliokuwa wakitibiwa ulevi, ambao walishughulika pia kuwasaidia walevi wenzao, walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudia pombe kuliko wale ambao hawakufanya hivyo.

Hata hivyo, mfano ninaoupenda zaidi kwa swali lako ni mwingine. Mwaka 1999 Carolyn Schwartz na Meir Sendor walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa maltipo sklerosisi, maradhi ya neva yasiyo na tiba ya kuyaondoa. Wagonjwa wachache walifunzwa namna ya kusikiliza, kisha wakapewa jukumu la kuwapigia simu wagonjwa wenzao mara kwa mara na kuwa nao katika mazungumzo. Utafiti ulikuwa umekusudia kuwapima waliopigiwa simu. Watafiti walipowageukia wale waliokuwa wakipiga, waligundua kwamba hao ndio waliobadilika zaidi: walijiamini zaidi, walijithamini zaidi, na huzuni yao ilipungua. Nakuomba ulitafakari hilo pamoja na mdogo wako. Watu hao hawakuwa wamepona, na ugonjwa wao haukuwa na dalili ya kuondoka. Kama wangengoja wapone kwanza ndipo wawafikirie wengine, wangengoja maisha yao yote.

Kuhusu wafiwa hasa, Stephanie Brown na wenzake walifuatilia watu wazima waliofiwa na wenzi wao, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Miongoni mwa wale waliokuwa na majonzi makali, waliowasaidia watu wengine katika mambo ya kawaida ya maisha, kama usafiri, kazi za nyumbani na shughuli ndogondogo, dalili zao za huzuni nzito zilipungua upesi zaidi kati ya mwezi wa sita na wa kumi na nane baada ya msiba. Zingatia kwamba msaada uliopimwa ulikuwa wa kazi za mikono na miguu. Hawakuwa watu waliotoa hotuba za faraja.

Lazima nikuambie pia udhaifu wa ushahidi wa namna hii, maana sitaki uamini kwa sababu tu nimetaja miaka na majina. Mtu akionekana anasaidia wengine na huku anaendelea vizuri, huenda anasaidia kwa sababu tayari ana nafuu. Nguvu zake ndizo zilizotangulia, msaada ukafuata. Ndiyo maana watafiti makini hutumia njia ya kuwagawa watu kwa bahati nasibu. Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walifanya hivyo katika jaribio walilolichapisha mwaka 2008: waliwapa watu dola 5 au dola 20 asubuhi, wengine wakaambiwa wajinunulie kitu au walipe deni lao, wengine wakaambiwa wamnunulie mtu mwingine zawadi au watoe sadaka, yote kabla ya jioni. Waliotumia kwa ajili ya wengine walimaliza siku wakiwa na furaha zaidi. Na kwa wewe unayeuliza utatoa nini, jambo la maana ni hili: kiasi hakikuleta tofauti. Aliyetoa 5 hakuwa nyuma ya aliyetoa 20. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nao hawakuhitaji jaribio lolote ili kulijua hilo.

Jaribio la karibu zaidi na hali yako lilifanywa na David Cregg na Jennifer Cheavens katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Waliwachukua watu 122 wenye dalili za sonona (yaani huzuni nzito inayodumu), wasiwasi au msongo, wakawagawa katika makundi matatu. Kundi moja lilipanga shughuli za kujumuika na watu, kundi la pili lilifunzwa mbinu inayotumika sana katika tiba ya mawazo, ya kuandika fikra zake mbaya na kuzichunguza upya, na kundi la tatu liliambiwa litende mambo matatu ya wema kwa siku, siku mbili katika wiki, kwa majuma matano. Makundi yote yalipata nafuu. Lakini waliotenda wema walizidi wengine katika kujiona wameunganika na watu, na watafiti walipochunguza sababu, waliona kwamba wema uliwafanya wasijitazame na kujihukumu wenyewe kila wakati. Kujumuika tu na watu, kwa mazungumzo na burudani, hakukuleta matokeo hayo kwa kiwango kile kile.

Sababu hiyo inastahili kuelezwa kidogo zaidi. Mtu aliye katika majonzi huzungukazunguka ndani ya kichwa chake. Angefanya nini tofauti, kwa nini hakugundua mapema, kesho atakula nini. Maswali yale yale hurudi usiku kwa usiku bila kuzaa jibu. Kumwambia asifikiri hakusaidii, kwani akili haiachi jambo kwa amri. Huliacha pale inapopata jambo lingine linaloihitaji kweli. Mtu anayekusubiri umsomee barua aliyoshindwa kuielewa, au mtoto wa jirani anayeng'ang'ana na hesabu zake, huivuta akili yako nje kwa nguvu ambayo burudani haina, kwa sababu burudani haikuhitaji na yeye anakuhitaji. Pili, ndani ya dakika hizo chache unaona tokeo la kitendo chako. Ulipomuuguza mume wako ulifanya kila uliloweza na bado ukampoteza, na msiba wa namna hiyo hufundisha moyo somo baya, kwamba juhudi zako hazina faida. Somo hilo haliondolewi kwa maneno mazuri. Linaondolewa na barua iliyosomwa na kueleweka. Tatu, mtu unayemsaidia anakutazama kwa macho tofauti na yale ya wanaokuhurumia, na pole pole wewe nawe unaanza kujiona kama anavyokuona.

Mwili nao unahusika. Mwaka 2012 Tristen Inagaki na Naomi Eisenberger waliwapima kwa picha za ubongo wanawake waliokuwa wamewashika mikono wapenzi wao wakati wapenzi hao wanapata maumivu. Sehemu za ubongo zinazohusika na thawabu (yaani hisia ya kufurahia jambo jema) na malezi ziliamka, na kadiri sehemu moja ya malezi ilivyoamka ndivyo zile zinazohusika na hofu zilivyotulia. Na Michael Poulin na wenzake, mwaka 2013, waliripoti kuhusu watu 846 waliofuatiliwa kwa miaka mitano huko Detroit: miongoni mwa wale ambao hawakuwa wakiwasaidia watu wa nje ya nyumba zao, matukio mazito ya maisha yaliambatana na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa, lakini miongoni mwa waliosaidia uhusiano huo haukuonekana. Mambo mazito yaliwapata wote, ila uzito wake haukuwafika kwa namna moja.

Sasa nije upande wa mdogo wako, kwa kuwa nisingependa umsomee barua hii kama ushindi dhidi yake. Wewe umetoka katika uuguzi wa muda mrefu. Mwaka 1999 Richard Schulz na Scott Beach walichapisha uchunguzi wa wazee waliokuwa wakiwauguza wenzi wao, wakaona kwamba wale walioelemewa na uuguzi huo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiokuwa na mzigo huo, katika kipindi cha miaka minne. Huo nao ulikuwa msaada, tena wa upendo mkubwa kabisa, lakini ulikuwa hauna kikomo, hauna mapumziko, na haukuacha nafasi ya kusema leo sitaweza. Vicki Helgeson na Heidi Fritz nao wameandika kwa miaka mingi kuhusu watu wanaojali wengine kiasi cha kujifuta wenyewe, wasioweza kula kabla wote hawajala wala kuugua kabla wote hawajapona, na wameonyesha kwamba watu hao huwa na huzuni zaidi na afya mbaya zaidi. Mdogo wako alikuona ukiuguza. Huenda anachokikataa ni kukuona ukirudi katika hali ile, naye ana haki ya kuogopa.

Kwa hiyo nisipokuambia lolote jingine, shika hili: ukiwa huna usingizi, unasahau kula, na mwili unauma, deni lako la kwanza ni kwa mwili huo. Lala, kula, nenda ukapimwe. Msaada ninaouzungumzia hauchukui nafasi ya mambo hayo. Lakini simaanishi kupona. Kupumzika kuna mwisho unaojulikana, ilhali kupona msiba hakuna siku yake, na anayengoja siku hiyo anaweza kujifungia kwa muda mrefu mno.

Tofauti kati ya msaada unaojenga na unaobomoa imechunguzwa. Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha mwaka 2010 kwamba mtu anayesaidia kwa hiari yake hupata nafuu ya moyo, na anayesaidia kwa kulazimishwa, au kwa kuogopa aibu na lawama, haipati. Zaidi ya hayo, hata anayesaidiwa hufaidika zaidi msaada unapotoka kwa hiari. Kwa lugha nyepesi, ukipika kwa ajili ya ndugu wanaokuja kwa desturi ya kukutegemea, ukiwa umenuna moyoni, hilo si dawa ninayokuandikia, hata kama kila mtu atakusifu. Una ruhusa ya kukataa. Ndiyo yako itakuwa na uzito pale tu ambapo hapana yako inawezekana.

Ningependa pia nitofautiane kwa heshima na wazee wako katika neno walilolitumia, la kuwatafuta wenye shida kuliko wewe. Nalielewa kusudi lao, lakini kumwendea mtu ili umtazame na ufarijike kwamba hujafika pake ni kumtumia. Naye atalihisi, maana wenye shida wana pua kali ya kunusa huruma ya namna hiyo; wewe mwenyewe umeinusa mwaka huu. Sara Konrath na wenzake walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kuwafuatilia wazee waliojitolea kwa kazi za jamii, wakaona kwamba waliojitolea kwa ajili ya watu waliishi zaidi, na waliojitolea hasa kwa faida yao wenyewe hawakutofautiana na wasiojitolea kabisa. Kuna jambo gumu hapa, nami silifichi: unaniuliza kama kusaidia kutakupa nguvu, na jibu ni kwamba kunakupa zaidi unapokuwa umelisahau swali hilo kwa saa moja na kumtazama mtu aliye mbele yako. Huhitaji moyo safi kabisa ili uanze. Anza tu na mtu ambaye hali yake inakuhusu kweli.

Basi uanzie wapi? Nashauri usianze mbali. Anzia kwa hao hao wanaokuletea chakula na pole. Kila mmoja wao ana jambo lake ambalo ameacha kukuambia tangu msiba uingie nyumbani kwako, kwa kudhani anakulinda. Akija, baada ya salamu, muulize habari zake na usikubali jibu la haraka. Mwambie kwamba unataka kusikia kwa kirefu, kisha sikiliza bila kurudisha mazungumzo kwako. Mama mzazi wa marehemu, kama yu hai, amefiwa na mwana, na huenda watu wote wamemwelekea mjane wakamsahau mama. Mdogo wako naye amempoteza shemeji, na wewe dada yake uliyekuwa kimbilio lake hujamuuliza mambo yake kwa muda gani? Muombe akueleze shida yake moja na akuruhusu umshauri. Nimeona katika kazi yangu ya unasihi kwamba hatua hii ndogo, ambayo haigharimu senti, hubadilisha hewa ya nyumba nzima, kwa kuwa inamrudisha mfiwa katika uhusiano wa pande mbili na watu wake.

Baada ya hapo tafuta jambo moja la nje, dogo, lenye mwanzo na mwisho. Kumsindikiza mtu hospitali mara moja ni bora kuliko kuahidi kumtunza. Saa moja ya kumsaidia mwanafunzi ni bora kuliko kukubali uongozi wa kikundi. Chagua kitendo ambacho unamwona anayenufaika na unaona kimemfaa, kwa sababu mchango unaopotelea mbali, hata ukiwa mkubwa, hauondoi lile somo baya nililolitaja. Usikidharau pia kwa udogo wake. Amit Kumar na Nicholas Epley, katika mfululizo wa majaribio waliouchapisha mwaka 2022, waliona kwamba watu wanaotenda wema mdogo kwa wengine karibu kila mara hukadiria chini furaha ya anayeupokea. Mtoaji hupima kitu alichotoa, na mpokeaji hupima pia joto la kukumbukwa. Wewe unaona umepeleka kidogo. Aliyepokea hakioni hivyo.

Una pia kitu ambacho watu wengi hawana, nacho ni ujuzi ulioupata kwa gharama kubwa. Unajua namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Unajua maswali ya kumuuliza daktari, na yale ambayo ndugu wa mgonjwa hujuta baadaye kwamba hawakuyauliza. Unajua usiku wa manane unavyokuwa. Aisifuye mvua imemnyea, na mwenye mgonjwa mahututi nyumbani atalisikiliza neno lako moja kuliko mia ya kwangu. Wanasaikolojia Ervin Staub na Johanna Vollhardt waliandika mwaka 2008 kuhusu wema unaozaliwa na mateso, wakieleza jinsi watu walioumizwa wanavyoweza, badala ya kuufunga moyo, kuwa wepesi zaidi wa kumwona mwingine anayeumia. Ila walieleza pia kwamba hilo halitokei lenyewe. Hutokea zaidi kwa aliyepata kuungwa mkono na kuanza kupona kiasi. Kwa sababu hiyo ningekuomba usianze na wauguzi wa wagonjwa mahututi. Acha kwanza mikono yako izoee kutoa katika mambo yasiyogusa jeraha, kama masomo ya watoto, barua, bustani au safari za sokoni. Siku utakapoweza kumsikiliza mke anayemuuguza mumewe bila kuona uso wa marehemu wako katika kila neno lake, hapo ujuzi wako utakuwa umeiva, na utawafaa watu kwa namna ambayo mafunzo yetu ya darasani hayawezi.

Endelea pia kupokea. Wapo watu ambao wakianza kutoa hukataa kila kinacholetwa kwao, kana kwamba wamemaliza kulipa deni. Hilo ni kiburi kinachovaa nguo za wema, na humrudisha mtu katika upweke ule ule. Pokea chakula, na uombe unachokihitaji kwa jina lake: anayesema nikusaidie nini mwambie unatafuta kazi na umtajie ni ya aina gani. Juhudi zako za kutafuta riziki zisisimame kwa ajili ya kusaidia watu, wala usijitolee mahali kwa tumaini la siri kwamba watakuajiri, maana usipoajiriwa utatoka na jeraha jipya. Kama unajitolea kwa ajili ya kupata uzoefu, sema hivyo waziwazi tangu mwanzo. Hilo ni jambo la halali, lakini ni jambo jingine.

Yapo mazingira ambayo wema hautoshi na haufai kuwa badala ya tiba. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hupati usingizi au unalala mchana kutwa, hamu ya chakula imekwisha, hakuna kinachokuvutia, na unajiona huna thamani, muone daktari au mtaalamu wa afya ya akili, kwani hizo ni dalili za sonona na sonona inatibika. Shirika la Afya Duniani limeyatambua pia majonzi yaliyokwama, yanayodumu kwa ukali zaidi ya miezi sita na kuzidi mila na desturi za jamii ya mfiwa, kuwa hali inayohitaji msaada wa kitaalamu, na kwako muda huo umekwisha kupita. Na ikiwa umewahi kuwaza kwamba ni heri ufe, au mawazo hayo yakikujia baada ya kusoma barua hii, usingoje: mwambie leo hii mtu unayemwamini, na akupeleke hospitali iliyo karibu. Kumwambia hivyo hakutamlemea kama unavyodhani.

Kama hayo hayapo, jaribu kwa wiki sita. Tenga siku moja au mbili katika wiki, na siku hiyo fanya mambo mawili au matatu ya wema badala ya kuyatawanya moja moja kila siku. Uchunguzi wa Sonja Lyubomirsky na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 uliona kwamba waliokusanya matendo yao ya wema katika siku moja ndio walionufaika, pengine kwa sababu kitendo kimoja kidogo kwa siku hupotea katika shughuli za kawaida. Usijipime kwa furaha, kwani bado una haki ya kulia na utalia. Jipime kwa mambo mengine: kama unaikumbuka shida ya mtu mwingine unapoamka, kama kuna siku ya wiki unayoingoja, kama umeanza kuulizwa maoni tena, kama usingizi umeongezeka hata kidogo. Ukiona badala yake unafurahi kila mara miadi inapovunjika, au unarudi nyumbani na hasira usizozielewa, badilisha kitendo ulichokichagua au upunguze muda wake kabla ya kukata tamaa. Na ukifika wiki ya sita bila mabadiliko yoyote, hujashindwa jaribio, bali umepata taarifa ya kumpelekea mtaalamu, ambaye ataanza nawe akijua tayari lipi limejaribiwa na kwa namna gani. Mdogo wako anaweza kuwa shahidi mzuri wa wiki hizo, kwa kuwa amekufahamu kabla ya uuguzi na kabla ya msiba. Muombe akuambie anachokiona, hata kama kitakuwa tofauti na nilichokuandikia mimi.